Dhamana ya Kuchagua Nyimbo: Muziki na Watangazaji katika Redio ya Taifa

Nimechagua kuzungumzia jambo tunalolisikia kila siku bila kuliuliza. Katika redio ya taifa, nani anachagua wimbo wa kupigwa? Anachagua kwa kipimo gani? Na yule anayeutangaza anadaiwa nini na msikilizaji?

Jibu langu nalitoa mapema ili mnipime nalo hadi mwisho. Kuchagua nyimbo katika redio inayoendeshwa kwa kodi ya wananchi ni dhamana. Dhamana hiyo haibebwi na orodha ya nyimbo zinazotamba wiki hii, wala haibebwi na waraka wa wizara. Anayeibeba ni mtangazaji anayeujua muziki, aliyeruhusiwa kuuchagua, na anayewajibika kuutaja kwa ukamilifu: nani kaimba, nani katunga, bendi gani, wapi na lini. Ushahidi wangu mwingi unatoka katika historia ya Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD, kwa sababu mafanikio yake yalikuwa makubwa na makosa yake pia yalikuwa makubwa. Vyote viwili vinatufundisha.

Redio iliyokuwa studio ya nchi

Utangazaji Dar es Salaam ulianza mwaka 1951, enzi za ukoloni, kwa kituo kidogo kilichoitwa Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 kikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Mwaka 1965 serikali ilivunja shirika hilo, redio ikawekwa chini ya wizara na kupewa jina la RTD. Zanzibar ilikuwa na redio yake. Huku Bara, kwa karibu miaka thelathini iliyofuata, anayesikiliza redio ya nyumbani alikuwa akisikiliza RTD.

Lakini RTD haikuwa inapiga muziki tu. Ilikuwa inaurekodi. Nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Mipango ilifanywa, Kampuni ya Filamu Tanzania ikakabidhiwa kazi hiyo, na bado kiwanda hakikuanza kufanya kazi. Mwanamuziki aliyetaka santuri yake iuzwe dukani alivuka mpaka kwenda Nairobi, kama alivyofanya Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, hadi alipofariki kwa ajali ya gari karibu na Mombasa mwaka 1979. Kwa bendi zilizobaki nyumbani, pa kurekodia palikuwa studio za redio, Barabara ya Pugu. Bendi iliingia na vyombo vyake, ikapiga yote kwa pamoja mbele ya vipaza sauti vichache, na fundi mitambo akanasa sauti kwenye utepe. Mpiga tarumbeta akiteleza, wimbo unaanza upya. Ndiyo maana rekodi zile zina uhai usiochuja: mnasikia watu waliofanya mazoezi ya kutosha kabla ya kugonga mlango wa studio.

Tazameni upana wa kilichonaswa. NUTA Jazz ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama. DDC Mlimani Park ilianzishwa mwaka 1978, na baadaye ikawa chini ya shirika la maendeleo la jiji. Majeshi yalikuwa na bendi zao. Kutoka Tanga zilikuja taarabu za Black Star na Lucky Star, na sauti ya Shakila. Kutoka Ugogo, zeze na ilimba za Hukwe Zawose. Waandaaji wa vipindi walisafiri mikoani kurekodi ngoma ambazo hazijawahi kuingia studio. Na kabla ya taarifa ya habari taifa zima lilisikia mdundo wa Mzee Morris Nyunyusa, fundi asiyeona aliyezungukwa na ngoma nyingi na kuzipiga zote peke yake. Hebu pimeni uzito wa uamuzi huo. Mtu fulani, katika chumba fulani cha redio, aliamua kwamba alama ya habari za nchi huru haitakuwa ya kuazima.

Uamuzi huo ulikuwa na mizizi. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya Jamhuri ya Desemba 1962, alisikitika kwamba wasomi wetu walijua kucheza rumba na twist lakini wengi hawakuwa wamewahi kucheza, wala hata kusikia, gombe sugu, kiduo au lelemama. Akaunda wizara ya kushughulikia utamaduni. Redio ikawa ndiyo mahali ambapo masikitiko yale yaligeuka kuwa kazi ya kila siku.

Mtangazaji na kazi zake nne

Kanda peke yake haisemi kitu. Anayeitamkia jina ni mtangazaji. Nchi hii inawakumbuka watangazaji wake kama inavyowakumbuka walimu wa shule ya msingi: David Wakati, Julius Nyaisangah tuliyemwita Uncle J, Charles Hilary, Tido Mhando, na Deborah Mwenda ambaye kipindi chake cha Mama na Mwana kiliwakusanya watoto wa vizazi kadhaa mbele ya redio. Jirani zetu Wakenya walikuwa na Leonard Mambo Mbotela, aliyeanza kuuliza Je, Huu ni Ungwana? mwaka 1966 na kuendelea kuuliza kwa miongo mingi. Watu hawa walikuwa na sauti nzuri, lakini sauti nzuri ni mtaji wa kuanzia tu. Katika upande wa muziki, mimi naona mtangazaji wa redio ya umma ana kazi nne.

Ya kwanza ni kutaja. Wimbo usiotajwa mtunzi huwa yatima, na yatima hana wa kumtetea mirathi yake inapogawanywa. Angalieni kilichoupata wimbo wa Malaika. Fadhili William aliurekodi Kenya, Miriam Makeba akaufikisha duniani, waimbaji wa mabara yote wakaurudia. Mpaka leo watu wanabishana kama mtunzi ni Fadhili William au ni Adam Salim au ni mwingine. Sisemi redio ingemaliza ubishi ule. Nasema pale ambapo kutaja mtunzi ni desturi ya kila siku, ubishi wa namna ile huanza mapema, wakati mashahidi bado wako hai na kumbukumbu bado ni mbichi.

Kazi ya pili ni kupanga. Nyimbo mbili zikifuatana zinazungumza. Mtangazaji anayejua atapiga Cuban Marimba ya Salum Abdallah wa Morogoro, kisha muziki wa Kuba uliomvuta, na msikilizaji ataelewa bila kuhutubiwa kwamba santuri zilizoshuka bandarini zilifanywa zetu. Atapiga taarabu ya Unguja, kisha ya Tanga, na sikio litajua zinapofanana na zinapoachana. Orodha iliyopangwa na kompyuta kwa kufuata nyimbo zinazopendwa zaidi haina uwezo huo, kwa sababu haijui kwa nini wimbo mmoja unaujibu mwingine.

Kazi ya tatu ni kueleza kwa kiasi. Sentensi mbili zinatosha: bendi ilikuwa ya nani, mwimbaji alitoka wapi, jambo gani lilimfanya mtunzi ashike kalamu. Nyimbo za dansi zimejaa mambo ya ndoa, deni, msiba, wivu, ulevi, uhamiaji mjini na kazi viwandani. Kijana aliyezaliwa baada ya chama cha NUTA kufa hatajua NUTA ni nini mpaka aambiwe.

Kazi ya nne ni kunyamaza, na hii ndiyo inayovunjwa zaidi. Wimbo wa dansi wa Tanzania umejengwa kwa hatua. Unaanza taratibu, hadithi inasimuliwa kwa beti na kiitikio, halafu magitaa yanabadilika na mnafika kwenye chemko. Hapo ndipo ukumbi ulikuwa unasimama. Wimbo wa aina hiyo unaweza kuchukua dakika saba au nane. Santuri ndogo iliukata vipande viwili, upande wa kwanza na wa pili, kwa sababu ya nafasi. Utepe wa redio uliubeba mzima. Leo tunausikia ukikatwa kabla ya chemko, mtangazaji akizungumza juu ya magitaa ili kutangaza namba ya simu. Huko ni kumnyima msikilizaji kitu ambacho tayari amekilipia.

Na msikilizaji naye alikuwa na sauti. Kadi za salamu zilizofurika redioni kutoka vijijini zilikuwa namna ya wananchi kuingia hewani: jina langu, majina ya ninaowasalimu, na wimbo ninaoomba. Mtangazaji mzuri aliheshimu ombi, na papo hapo aliongeza wimbo ambao hakuna aliyeuomba kwa sababu hakuna aliyekuwa ameusikia bado. Redio ya umma inaishi katika mizani hiyo. Ikipiga yaliyoombwa tu, watu hawajifunzi. Ikipiga inayoyataka yenyewe tu, watu huzima.

Makosa ambayo hatupaswi kuyarudia

Sasa niseme upande wa pili kwa uwazi uleule, kwa sababu kuna watu wanaosimulia enzi za RTD kana kwamba hazikuwa na doa.

Redio moja chini ya wizara ilikuwa na mlango mmoja, na mlango ulikuwa na bawabu. Mashairi yalipitiwa kabla bendi haijaruhusiwa kurekodi. Katika miaka ya 1970 muziki wa kigeni ulipigwa marufuku hewani kwa nia ya kulinda wa nyumbani. Nia naielewa. Lakini marufuku humlinda mwanamuziki dhidi ya ushindani bila kumwongezea ujuzi, na humfundisha msikilizaji kutafuta stesheni za ng'ambo. Wanamuziki wetu walikua kwa kusikiliza Havana na Kinshasa. Kuwafungia wasikilizaji mlango ambao wasanii wenyewe walipitia ni kujipinga.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa Remmy Ongala. Alizaliwa Kongo, akawa Mtanzania kwa maisha na kwa nyimbo, akaongoza Super Matimila na kuimba kwa niaba ya maskini. UKIMWI ulipokuwa unaua watu wetu, alitunga Mambo kwa Soksi kuhimiza matumizi ya kondomu. RTD haikuupiga. Wimbo ulisambaa kwa kanda za kaseti na kumbi za dansi, watu wakaujua kwa moyo, huku redio ya taifa ikikaa kimya. Katika siku ambazo neno moja lililosemwa hewani lingeweza kuokoa maisha, aliyechagua nyimbo alichagua haya badala ya uhai. Dhamana ikivunjwa hivyo, hakuna ubora wa kanda unaofidia.

Kosa la tatu ni la mfukoni. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mwanamuziki wa RTD alicheza kwao, akasikika Afrika Mashariki yote, na mara nyingi alichopata kilikuwa malipo madogo ya siku ya kurekodi. Wimbo ukapigwa kwa miaka ishirini bila senti nyingine kumfuata. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999, wakati watunzi wengi wa zama zile walikuwa wameshazeeka au kufa.

Agizo haliwezi kuchukua nafasi ya maandalizi

Wapo wanaosema dawa ni asilimia: serikali iamuru kiasi fulani cha muziki wa nyumbani, basi. Wakenya walilijaribu jambo hilo. Mwaka 1980 Sauti ya Kenya iliagizwa ipige muziki wa Kenya kwa asilimia 75. Agizo liliondolewa baada ya muda mfupi sana. Kilichotakiwa kwa siku moja kilihitaji miaka: kanda za kutosha zilizopangwa vizuri, watangazaji wanaojua kilichomo ndani yake, na wasikilizaji waliozoeshwa hatua kwa hatua. Tanzania ilikuwa na kanda hizo kwa sababu redio yake ilitumia miaka mingi kuzirekodi. Tofauti ya nchi hizi mbili haikuwa uzalendo. Ilikuwa kazi iliyotangulia agizo.

Baada ya milango kufunguliwa

Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu vituo binafsi, na mwaka 1994 Radio One ikaingia hewani. Sifa stahiki apewe mwenye nazo: vijana walioimba rap kwa Kiswahili walipata nyumba katika vituo hivyo, na jina la Bongo Flava lilianza kusambaa kupitia redio binafsi kabla ya redio ya taifa kujua la kufanya. Baadhi ya watangazaji bora wa RTD walihamia huko pia. RTD yenyewe iliunganishwa na televisheni ya serikali, na mwaka 2007 likazaliwa Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC.

Tatizo lililofuata si kwamba vituo binafsi vilikuja. Tatizo ni kishawishi cha redio ya umma kuviiga. Kituo cha biashara kinaishi kwa matangazo, na tangazo linafuata umati, kwa hiyo nyimbo ishirini zinazotamba zitazunguka asubuhi hadi usiku. Hiyo ni haki yake. Pia katika biashara hiyo umezuka ugonjwa ambao wanamuziki wote waliomo humu wanaujua: msanii kutakiwa atoe chochote ili wimbo wake uchezwe. Redio ya taifa ikipiga nyimbo zilezile ishirini, mwananchi ana haki ya kuuliza kodi yake inanunua nini ambacho asingekipata bure kwingine.

Kuna pingamizi nalisikia mara nyingi: kwamba redio ya namna ninayoitaka itakuwa makumbusho ya zilipendwa, na vijana hawataisikiliza. Najibu kwa singeli. Muziki huu ulizaliwa Uswahilini, Dar es Salaam, katika sherehe za mtaani ziitwazo vigodoro na studio ndogo kama Sisso ya Mburahati. Kwa miaka mingi ulidharauliwa kuwa ni kelele. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege ya Kampala ilitoa mkusanyo wa nyimbo za studio ile, na majukwaa ya Ulaya yakaanza kuwaita vijana wetu. Kazi ile ilipaswa kufanywa na redio ya taifa. Waandaaji waliofuata ngoma hadi vijijini katika miaka ya 1960 na 1970 wangefuata singeli hadi Mburahati, na mtangazaji anayejua angempa msikilizaji mnyororo wa midundo unaoiunganisha na mchiriku na ngoma za Wazaramo. Dhamana ninayoizungumzia inawahusu watu wa miaka ishirini sawasawa na watu wa miaka sabini.

Ninachopendekeza

Mapendekezo yangu ni matano, na yote yanawezekana bila kujenga jengo jipya.

Kwanza, kutaja kuwe kanuni ya kituo. Hakuna wimbo kupigwa bila kutajwa mwimbaji, mtunzi, kundi na, inapojulikana, mwaka. Sekunde kumi zinatosha.

Pili, kila mtangazaji wa muziki awe na eneo lake: dansi, taarabu, ngoma za asili, kwaya, muziki wa vijana, muziki wa Afrika na wa dunia. Apewe muda wa kusoma, kusafiri na kusikiliza, na apewe mamlaka ya kuchagua. Achaguliwe kwa ujuzi wake wa muziki na Kiswahili chake, na asiondolewe kwa sababu tu mwingine ana wafuasi wengi mitandaoni.

Tatu, kanda za RTD ziingizwe zote katika kompyuta, kila moja na taarifa zake, kwa mashauriano na warithi wa watunzi. Utepe una umri wake, na joto na unyevu wa pwani haviuhurumii. Wazee walioimba katika bendi zile wanatutoka: Muhiddin Gurumo alifariki mwaka 2014. Aliyebaki aketi na mtangazaji leo, ataje majina ya wenzake mbele ya kipaza sauti.

Nne, redio irudi kurekodi. Bendi za mikoani, vikundi vya ngoma, wanafunzi wa sanaa Bagamoyo, vijana wa singeli: waingie studio au studio iwafuate, walipwe siku ya kurekodi na walipwe kila wimbo unapopigwa.

Tano, kituo kichapishe kila mwaka orodha ya nyimbo kilizopiga, mara ngapi, za nani na za kutoka wapi. Orodha hiyo itaonyesha kama Kigoma na Mtwara zimesikika, kama wanawake wamesikika, na kama kuna wimbo uliopigwa kupita kiasi kwa sababu isiyoelezeka. Rushwa ya nyimbo huota pasipo na daftari la wazi.

Watangazaji vijana mliomo humu, nafasi mliyopewa ni kubwa kuliko mshahara wake. Someni majina yaliyoandikwa kwenye kanda, yatamkeni sawasawa, na uacheni wimbo ufike mwisho wake. Nanyi wasikilizaji, msinyamaze. Wimbo ukipigwa bila jina, pigeni simu mkaulize ni wa nani. Redio ni yenu, na mnayo haki ya kujibiwa.